Ngozi ya Chungu cha Kasyoka

Jumatatu, 6 Machi 1967. Garissa.

Leo nimerudi kazini. Bwana Gichuki, mkubwa wangu hapa idara ya mifugo, alinipa mkono na kuushika muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akanionyesha rundo la ngozi za mbuzi zilizoletwa nilipokuwa sipo. Zote zimetobolewa kwa visu. Miaka minne nawafundisha watu kuchuna kwa ngumi na kuwamba ngozi kivulini, na bado mtu anachuna mbuzi kana kwamba ana ugomvi naye. Nilifurahi kuona ngozi mbaya. Nilipata pa kupeleka hasira.

Kasyoka, mke wangu, alikufa tarehe kumi Februari kwenye barabara ya Mwingi. Lori lilikanyaga bomu lililofukiwa mchangani. Alikuwa anakwenda kwao kumwonyesha mama yake vyungu alivyofinyanga. Basi, nimeiandika. Nilikuwa sijaiandika popote.

Tulimzika hapa hapa, kwa kuwa barabara ilifungwa. Vitu vyake vililetwa ndani ya gunia: kiatu kimoja, nusu ya leso, na kigae cha chungu kikubwa kama kiganja. Vyungu vingine vilisagika. Ndicho kigae ninachokitazama usiku huu. Juu yake kuna ngozi nisiyoijua: mistari iliyopinda kidogo, mmoja laini, unaofuata una vipele vidogo vidogo, halafu laini tena, halafu vipele. Mimi ni mtu wa ngozi. Nifumbe macho, nipe ngozi mkononi, nitakwambia mbuzi alikuwa dume au jike na alianikwa juani au kivulini. Hii imenishinda.

Imenishinda kwa sababu sikuwahi kumwona akifanya kazi. Kwetu Ukambani mwanamume hausogelei udongo wa mfinyanzi. Akipita karibu chungu hupasuka motoni, na lawama ni yake. Kwa hiyo Kasyoka alikuwa nyuma ya jiko, mimi mbele ya nyumba, miaka saba, na hatukuwahi kugombana kwa ajili ya hilo.

Jumanne, 7 Machi

Shamso amekuja na maziwa asubuhi kana kwamba hakuna lililotokea. Huyu ndiye mwanamke wa Kisomali anayeuza maziwa ya ngamia. Anakaa kwenye vibanda vya mikeka nje ya mji. Alikuwa rafiki wa Kasyoka. Walikuwa wanakaa nyuma ya jiko mpaka jua linafika utosini, wakicheka mambo ambayo sikuambiwa.

Alisema, "Bwana Ngozi, bole," maana ulimi wake hautamki p. Nikamwambia asikanyage tena mlangoni pangu. Waliofukia bomu ni watu wake. Akakiinua kibuyu chake, akaenda.

Alhamisi, 9 Machi

Chai ya mkandaa, bila maziwa. Mbaya.

Jumapili, 12 Machi

Leo nimefungua kiondo chake cha kazi. Nilikuwa nakizunguka siku zote kama mtu anayemzunguka mbwa asiyemjua.

Ndani mlikuwa na kipande cha kibuyu cha kulainishia, kokoto jeusi lililong'aa kwa kusugua, gunzi la hindi, miiba mirefu ya mgunga. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, mlikuwa na kijiti urefu wa kidole kilichozungushiwa uzi uliosokotwa. Nilidhani ni katani. Nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Zilikuwa nywele. Uzi mmoja ni nywele zetu, za kujikunja. Wa pili ni nywele ndefu laini, za Kisomali, na nyuzi hizo mbili zimesokotwa pamoja kwa nguvu.

Nikaziweka chini. Kwetu mtu akinyolewa, nywele hufukiwa mahali anapopajua mwenyewe, kwa sababu mwenye nia mbaya akizipata amekupata wewe mzima mzima. Hata Kasyoka, pamoja na ukaidi wake wote, alikuwa akizifukia zake. Na sasa hizi hapa, zimefungwa na za yule mwanamke, zimefichwa chini ya kiondo, na mwenye kiondo amekufa njiani.

Nilikoka makaa nikazichoma pamoja na kijiti chake. Harufu ile ingali puani.

Halafu nilikwenda kwenye kizuizi cha barabarani nikamwambia sajini kwamba muuza maziwa Shamso ni mchawi, na kwamba inasemekana kaka yake yuko msituni na shifta, wale Wasomali wanaopigana na serikali. La uchawi alilicheka. La kaka aliliandika. Kama ana kaka mimi sijui, lakini hapa nani hana kaka?

Jumatano, 15 Machi

Msafara wa malori umefika salama. Kang'ethe, dereva wetu, alipita Mwingi akaonana na mama mkwe. Mimi na mama mkwe hatuonani, ndiyo heshima yetu. Tukikutana njiani mmoja wetu huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Siku ya arusi nilimwona mgongo. Kwa hiyo msiba wetu ni mmoja lakini hatuwezi kuulilia pamoja. Lazima upite kwa Kang'ethe, ambaye ni Mkikuyu, anatafuna miraa na kusahau nusu ya maneno.

Haya hakuyasahau. Mama amesema macho yake sasa yamekwisha, anaona weupe tu. Amesema: "Binti yangu aliniletea habari kwamba amepata ngozi ya chungu ambayo hata mimi sijapata kuifinyanga. Sikumwona akifa wala akizikwa. Naomba chungu kimoja cha mkono wake nikipapase." Kang'ethe anasema mama hakulia alipokuwa akisema hayo.

Nami sina chungu, vyote alivipakia kwenye lori lile. Nina kigae, na mama hapelekewi kigae. Ni kama kumpelekea mtoto aliyevunjika.

Alhamisi, 16 Machi

Nimeamua. Nitakifinyanga mwenyewe, mwanamume mzima. Nitatafuta alichokuwa anakitumia mpaka nikipate. Mwenye kunicheka na acheke.

Jumapili, 19 Machi

Nimechimba udongo ukingoni mwa mto Tana pale alipokuwa akichimba. Mashimo yake bado yapo. Nimeuponda, nimeutoa mawe, nimeukanda. Nakumbuka kidogo nilichokiona kwa mama yangu nilipokuwa mdogo wa kuruhusiwa kutazama. Chungu cha kwanza kimetoka kama kofia ya askari iliyokaliwa. Cha pili kimesimama.

Nilianza na gunia. Nililibonyeza kwenye udongo uliokauka nusu. Likaacha vijumba vya mraba, sawasawa kama madirisha ya ofisi. Sicho.

Jumatano, 22 Machi

Iddi ya kuchinja. Kwetu sisi wa ngozi hii ndiyo mavuno. Zimekuja kwa mikokoteni, kwa punda, kwa vichwa vya watu, na Bwana Gichuki alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Niliporudi nilikuta nyama imetundikwa kwenye ua wangu, imefungwa kwa jani. Hakuna aliyesema ni ya nani, na sikuwa na haja ya kuambiwa. Nimempa mbwa wa Bwana Gichuki.

Ijumaa, 24 Machi

Gunzi la hindi. Sicho.

Jumatatu, 27 Machi

Nimejaribu mkeka wa mkoma: unaacha mistari ya kupishana, mipana mno. Kamba ya katani niliyoizungusha kwenye kijiti na kuiviringisha: mistari inapinda vizuri, ila yote ni sawa, hakuna laini na vipele. Punje za mtama: vipele vikubwa. Wavu wa samaki: upuuzi. Kitana cha mti: mistari laini tu. Nimechanganya kitana na mtama, mstari kwa mstari, kwa ncha ya mwiba, na kwa mbali unaweza kudanganyika. Lakini mama hataangalia kwa mbali. Atapapasa.

Nimegundua kitu kuhusu Kasyoka. Alikuwa ananung'unika mgongo jioni, nami nikimwambia si kazi ya kulima. Leo mgongo wangu hauinuki.

Jumapili, 2 Aprili

Mvua ya kwanza. Mji mzima umetoka nje kusimama kama ng'ombe. Nami nilisimama.

Jumatano, 5 Aprili

Bwana Gichuki amesema vibanda vya mikeka nje ya mji vimeondolewa. Watu wote wamehamishiwa kijiji kipya chenye waya, upande wa Balambala, pamoja na mifugo iliyobaki. Yule muuza maziwa alikuwa wa kwanza kunyang'anywa kibali cha kuingia mjini, alisema, kwa sababu ya kaka. Akaniangalia. Nikasema, "Vizuri."

Jumamosi, 8 Aprili

Fundi ujenzi mmoja, Mkamba mwenzangu, amekataa kunywa chai kwangu. Anasema hajui mikono yangu imeshika nini. Bwana Gichuki ameuliza kama nimeanza kuota matiti. Kwa Bwana Gichuki hiyo ni huruma.

Jumatano, 12 Aprili

Labda ni ngozi ya mnyama. Nilikuwa mjinga kutofikiria hilo mapema, na mnyama ndiyo kazi yangu. Vipele na ulaini vikifuatana namna hii ni kitu kilicho hai, si kitu cha kusukwa. Ghalani nimechukua mapande: kenge, kanga wa porini aliyenyonyolewa, mkia wa kondoo, mdomo wa ngamia. Nitavibonyeza kimoja kimoja.

Jumapili, 16 Aprili

Kenge amekaribia. Nilipoona alama yake nilipiga makofi. Halafu nikaweka kigae kando yake. Magamba ya kenge yamepangwa, na vipele vya Kasyoka havijapangwa. Kila kimoja kimejikunja kivyake. Nimekaa chini nikalia, si kwa ajili ya kenge.

Alhamisi, 20 Aprili

Nimechoma vyungu kwa kuni za mgunga na mavi ya ng'ombe, kwenye mwanya wa mvua. Vyote vimepasuka. Basi ni kweli wanayosema juu ya wanaume, au ni kweli kwamba udongo wangu ulikuwa haujakauka. Nimechagua la pili.

Jumanne, 25 Aprili

Tana imefurika. Pale pa kuchimbia udongo hapapo tena, mashimo yake yamekwenda na maji. Malori hayaji. Nina udongo wa kutosha chungu kimoja, nimeufunika kwa gunia bichi, naunyunyizia maji kila asubuhi.

Jumatatu, 1 Mei

Mvua.

Jumanne, 2 Mei

Mvua. Sasa nazungumza na kigae. Namuuliza alikuwa anacheka nini kule nyuma.

Jumatano, 10 Mei

Jana nilikwenda kijiji cha waya kikazi. Mifugo inakufa mle ndani kwa kukosa malisho, kwa hiyo ngozi ni nyingi, na Bwana Gichuki ametaka zikaguliwe kabla hazijaoza. Tulikwenda na askari mbele na nyuma. Nitaandika yote, hata kama taa itaisha mafuta.

Ni uwanja mtupu, waya wa miiba mara mbili, vibanda vimebanana. Hakuna mti. Ngamia ambao nilizoea kuwaona wakipita mjini kwa maringo wamesimama mbavu nje. Nilikagua ngozi kivulini mwa lori. Zilichunwa vizuri. Ngozi ya mnyama aliyekufa kwa njaa huchunika vizuri, haina mafuta.

Shamso alikuja akasimama mbali kidogo, na watoto wawili, mtandio umemfunika mpaka kifuani. Amekonda. Sikujua niangalie wapi. Alinisalimu, akaniuliza kama nalala, kama nakula. Halafu akasema, "Bwana Ngozi, mimi naomba kitu moja tu. Ile kamba ya nywele, iko kwa kiondo ya Kasioka. Nibe."

Nikauliza kamba gani, ingawa nilikuwa nimeshaikumbuka.

"Ya fyungu," akasema. "Nywele yake na nywele yangu. Tunasokota, tunabitisha kwa udongo. Yangu nafanya laini, yake nafanya zile dogodogo. Nataka kushika tu. Mimi sina kitu ingine yake."

Akanieleza. Nyuma ya jiko langu ndipo palipokuwa mahali pekee mjini alipoweza kuvua mtandio mchana, kwa sababu alijua hapana mwanamume atakayekanyaga pale. Hata mwenye nyumba mwenyewe anaogopa. Kasyoka alimwambia hivyo na wakacheka sana. Hicho ndicho walichokuwa wanacheka. Siku moja Shamso alikuwa anajisuka, msuko ukaangukia chungu kibichi ukaacha alama. Kasyoka hakuifuta. Alikaa anaitazama alama ile mpaka maziwa yakakatika juani. Kesho yake alikuja na nywele zake mwenyewe mkononi, akasema waone zikisokotwa pamoja itakuwaje. Shamso alimwuliza kama haogopi, maana anajua sisi tunavyoficha nywele. Kasyoka alimjibu kwamba kwa mtu mwingine angeogopa.

Nilimwambia nimeichoma.

Akauliza kwa nini. Nikasema nilidhani ni uchawi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliitazama mikono yangu, mmoja, halafu wa pili. Akasema, "Ilikuwa imebaki hiyo tu," akawashika watoto, akaondoka.

Niliporudi jioni nilichukua kigae. Sasa kila kitu kinaonekana, kama picha ambayo umeambiwa uso uko wapi. Vile vipele ni nywele za mke wangu. Miaka saba alilaza kichwa mkononi pangu, nami mtu wa ngozi, mjuzi wa manyoya yote ya wilaya hii, sikuzitambua. Nilikwenda kwa kenge. Nilikwenda kwa mdomo wa ngamia.

Najichukia. Sijui namna nyingine ya kuliandika.

Alhamisi, 11 Mei

Nimetafuta nywele zake nyumba nzima. Mto, shuka, leso, ukuta alipokuwa anaegemea, meno ya kitana. Hakuna hata unywele. Alikuwa mwangalifu kama alivyofundishwa, alizifukia zote asijulishe mtu. Zile alizozitoa alizitoa mara moja tu, na mimi ndiye niliyezitia motoni.

Ijumaa, 12 Mei

Nimekwenda kwa sajini nikamwambia kwamba habari ya kaka niliitunga. Akasema asante, lakini watu wote wamehamishwa, si yeye peke yake, na karatasi zimeshakwenda. Akanishauri nipumzike. Maji yakimwagika hayazoleki, alisema, na akarudi kwenye karata zake.

Jumapili, 21 Mei

Barabara imefunguliwa. Nimemtuma Kang'ethe kwa mama mkwe. Nimemwambia aseme yote: kamba, nywele, Shamso, moto, na kwamba mimi ndiye niliyezichoma. Kang'ethe aliacha kutafuna. Aliuliza kama nina hakika kwamba haya ni maneno ya kumpelekea mama wa marehemu. Nikamwambia ayarudie mbele yangu, na akayarudia mara tatu kama mtoto wa madrasa, mpaka niliposikia neno "nilichoma" likitoka bila kuyumba.

Jumatatu, 29 Mei

Hakuna msafara.

Jumamosi, 3 Juni

Naota nawasikia wakicheka nyuma ya jiko, nami nimekaa mbele na gazeti. Ndotoni najua kwamba nikiinuka kwenda kuwaona wataacha kucheka, kwa hiyo siinuki. Niliamka nikiwa mtulivu, halafu nikakumbuka.

Jumatano, 7 Juni

Kang'ethe amerudi. Ameleta kifundo cha kitambaa kidogo kama yai.

Anasema mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alimwita jirani aje na wembe. Alinyolewa palepale uani, mbele ya dereva ambaye si wa ukoo wala wa kabila, jambo ambalo mwanamke wa umri wake hafanyi. Zilipokwisha aliziokota kwa kupapasa chini mpaka akahakikisha hazikubaki, akazifunga. Kang'ethe anasema alitamani kutoka lakini mama alimshika shati.

Haya ndiyo maneno: "Mwambie mume wa mwanangu nywele za mtoto zinatoka kwa mama yake. Hizi ni nyeupe, lakini udongo hauoni rangi. Ampe huyo msichana asokote na zake. Na mwambie hizi asizichome."

Nimefungua kifundo. Ni nyeupe kama pamba, zimejikunja vilevile. Nilikibonyeza kichwa cha kidole kwenye kipande cha udongo pamoja na unywele mmoja tu. Kilipotoka, kulikuwa na kipele. Kimejikunja kivyake.

Udongo wangu bado mbichi. Bwana Gichuki ameahidi kunipa safari ya kijiji cha waya wiki ijayo. Alitazama kifundo, akauliza ni nini, nikamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kutania.

Jumamosi, 10 Juni

Nimekiinua chungu. Chembamba, mdomo umekaa sawa, ni kizuri kuliko vyote. Nimekifunika kwa gunia bichi kisikauke mpaka nirudi na kamba. Kinachongoja ni ngozi tu.

Alhamisi, 15 Juni

Nimetoka kijijini sasa hivi. Ninaandikia ndani ya lori, mkono unacheza kwa barabara.

Nilimwuliza askari wa lango kama naweza kuonana na Shamso. Aliitwa. Safari hii hawakuruhusu watu kutoka, kwa hiyo alisimama ndani ya waya na mimi nje. Mtandio aliuvuta ukambana kichwani, na nilipotazama nyuma yake niliwaona watoto, na wanawake wengine kwenye foleni ya maji, wote vichwa vimekaa vidogo namna ile ile. Sikuelewa. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyapanga njia nzima, nikayasema. Nilimweleza habari ya mama, wembe, nywele nyeupe. Nikasema chungu kiko tayari. Nikampa kifundo kwa kupitisha mkono kati ya waya.

Alikifungua. Alizigusa zile nywele kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayepima joto la maziwa.

"Hiyo hiyo," akasema. "Kama yake."

Halafu akaniambia. Wiki iliyopita alikuja mtu wa dawa na askari, wakasema kijiji kina chawa na homa, wakanyoa wote, wanawake kwa watoto, kwenye uwanja, mchana. Nywele zilikusanywa zikatiwa mafuta ya taa, zikachomwa. Alisema hayo bila kuinua sauti, macho yake kwenye kifundo.

"Wewe nakuja leta hii," akasema, "na mimi sina kitu ya kusokota na yeye."

Nikasema nywele huota. Sijui kwa nini nilisema hivyo, mtu husema chochote.

"Inaota," akasema. Akainua macho kutoka kwenye kifundo. "Bwana Ngozi, mimi najua nani amesema mimi iko na kaka msituni. Kaka yangu amekufa zamani, mtoto dogo, na surua. Wewe hujauliza."

Nilishika waya na mwiba ukaniingia kiganjani, na nikauacha.

Alisema nywele zake zikiota atasokota. Lakini kamba hatanipa mimi, na chungu hataki nikiguse. Vita vikiisha, Mungu akipenda, mama mwenyewe aje, au yeye aende kwa mama, na watafinyanga wao wawili, nyuma ya nyumba, mahali ambapo mwanamume haji. Mimi nisije. Mpaka siku hiyo zile nywele nyeupe atazitunza yeye. Akafunga kifundo akakitia ndani ya nguo, upande wa moyo.

Nikasema mama ni mzee, macho hayaoni, na ile barabara ina mabomu. Nikasema huenda asingoje vita viishe.

"Najua," akasema Shamso, na hapo ndipo alipolia, akiwa amesimama wima, mkono juu ya kifundo. Nami nililia. Tulikuwa tunamlilia mtu mmoja na waya kati yetu, na askari akatazama kando.

Alipojifuta aliniuliza mama anaitwa nani, apate kumwombea kwa jina.

Kwetu mwanamume halitamki jina la mama mkwe wake. Tangu nilipooa sijalitamka mbele ya mtu wala nikiwa peke yangu. Hata Kasyoka akiwa hai alipolitaja nilikuwa nikigeuza uso. Nilitazama nyuma kuona kama Kang'ethe yuko karibu. Hakuwa karibu, na hata angekuwa ningelitamka.

"Mwikali," nikasema.

Shamso akalirudia mara moja, akalikosea kidogo, akarudi kwenye vibanda.